Kampuni ya Mpira, Kampuni ya Magari

Jumatatu, 6 Machi 2006

Viatu vya Njoroge nimevikataa. Sampuli ilikuwa safi, gundi imeshika, uzi haujarukwa. Nikafungua katoni la katikati, kama kawaida yangu. Soli inabanduka kwa ukucha. La pili vilevile. Nikaandika “haufai” kwenye karatasi, nikampa laoban, bosi wa duka. Akatabasamu, akanipa sigara. Sivuti.

Njoroge alikuwa na kontena la kufungwa kesho. Amenisema mbele ya wapagazi pale soko la Liuhua. Kwamba nimekuja China kuharibu riziki za watu. Kazi yangu ni kuangalia mzigo na kuusema ulivyo. Mteja ananilipa ili aweze kukaa nyumbani kwake asije kuangalia mwenyewe. Basi.

Nimerudi kwa miguu. Kuta za chumba zinatoka jasho, ndiyo majira yake. Shati nililoanika Ijumaa bado bichi.

Jumapili, 12 Machi

Sikwenda kwa Mama Noela. Hakuna aliyenikataza. Lakini Njoroge yuko kule, na simu haikulia.

Nayaandika niliyoyakosa. Mama Noela ni wa Bukavu, ananunua vitambaa nami humkagulia, ana nyumba Sanyuanli ghorofa ya tisa. Kila Jumapili akitoka kanisani anapika bugali, ugali wao, na samaki na sombe, yaani kisamvu. Tunakuwa wanne. Yeye, Njoroge wa Nakuru mwenye viatu, Haji kijana wa Unguja anayesomea udaktari wa mambo ya mawasiliano, na mimi. Ndiyo siku pekee ninayozungumza Kiswahili zaidi ya dakika tano bila kutaja bei.

Leo sikuzungumza na mtu. Jioni nilisema jambo kwa sauti ili nijisikie. Sauti ikatoka na mkwaruzo.

Mke wangu Zainabu aliponidai talaka kwenye simu, miaka minne iliyopita, sikulia. Leo nimelia kwa sababu ya samaki. Mtu mzima, miaka arobaini na tisa. Upumbavu mtupu.

Jumapili, 19 Machi

Sikwenda tena. Mvua. Tambi za kuchemsha.

Jumatano, 22 Machi

Haji amepiga simu. Wameamua kununua hisa. Shemeji yake Njoroge aliyeko Atlanta ana akaunti ya soko la hisa, atanunua kwa niaba yao. Wanazitaka za redio za setilaiti. Marekani nzima kuna kampuni mbili tu za kazi hiyo, nao wanataka kuchagua moja. Wanataka mimi nizipambanishe. Nilitengeneza redio Morogoro miaka ishirini kabla sijaja huku, na ukaguzi ndiyo kazi yangu.

“Mzee Idi, alosema uulizwe wewe ni Njoroge,” Haji akaniambia.

Nilimwomba arudie. Nilisingizia mtandao mbovu. Nilitaka kuisikia mara ya pili.

Ijumaa, 24 Machi

Baada ya swala nimekaa mkahawa wa intaneti kwa muda wa saa tano. Kushoto kwangu watoto wanauana kwenye mchezo, kulia mtu amelala na viatu mkononi. Mimi na kamusi.

Biashara yenyewe ni hivi. Mteja ananunua redio maalumu. Redio inadaka matangazo kutoka angani, muziki na habari, popote alipo Marekani hata jangwani. Kila mwezi analipa ada. Asipolipa wanamzimia. Kampuni zote mbili bado zinakula hasara, kila moja inajisifu kwamba wateja wanaongezeka.

Majina yao yananichosha. Moja imenunua haki za kutangaza ligi za mpira kwa miaka mingi, kwa pesa za kutisha. Hiyo naiita Mpira. Ya pili imefunga mikataba na watengenezaji wa magari, redio yake inatoka kiwandani ikiwa ndani ya gari jipya. Hiyo naiita Magari.

Wote wanaoandika kwenye mtandao wanaipenda Mpira. Inasisimua. Habari za Magari zinaleta usingizi.

Jumatano, 29 Machi

Nimenunua redio mbili kwenye soko la vifaa vya umeme, moja ya Mpira, moja ya Magari. Zote zimetengenezwa humu humu mkoani. Nimeziwasha. Kimya. Setilaiti zao zimekaa juu ya Marekani, huku hazimuoni mtu. Nilijua itakuwa hivyo, na bado nilingoja kama mjinga.

Nikazifungua. Miaka mingi sijashika bisibisi kwa raha namna hii.

Ya Mpira ni nzuri mno. Kasha zito, vifungo laini, risasi imelehemiwa vizuri, kioo kinang'aa. Fundi yeyote angeipenda. Ya Magari ni plastiki tu, saketi ndogo, haina mapambo.

Halafu nikapiga hesabu ya vifaa. Ile ya Mpira haiwezekani kuuzwa kwa bei wanayoiuza Marekani. Vifaa vyake peke yake vinapita bei hiyo. Maana yake kila mteja mpya wanayempata, kampuni inamwongezea pesa kutoka mfukoni mwake ili aichukue redio. Na yule mteja anaweza kuacha kulipa mwezi wa tatu. Juu ya hapo kuna deni la ligi, linalipwa mpira uchezwe usichezwe. Magari mteja wake anaikuta redio ndani ya gari, kaisha kuinunua bila kujua. Anajaribu, anazoea, analipa.

Ni mambo ya sampuli na mzigo. Mpira ni sampuli nzuri. Nimefungua katoni la katikati na sikupenda nilichokiona.

Nimeandika kurasa mbili. Mwisho wake: Magari. Sina shaka hata kidogo.

Jumamosi, 1 Aprili

Njoroge amekuja mwenyewe nilipokuwa nakagua mikoba soko la Guangyuan Xilu. Kaninunulia chai. Kanishika bega. Hakugusa habari ya viatu.

“Fundi, hii kitu itapaa, bana. Juni ni World Cup! Hao Wamarekani watatafuta redio kama unga. Wewe kesho waambie tu vile iko.”

Nikamwambia nimeandika ripoti. Hakuuliza imesema nini. Anajua tayari, au anadhani anajua. Alipoondoka aliniita ndugu yangu. Tangu nifike mji huu hakuna aliyeniita hivyo bila kuwa na kitu cha kuuza.

Jumapili, 2 Aprili

Nimesema Mpira.

Naandika taratibu ili niamini. Niliingia, sahani yangu ilikuwa mezani tayari. Mama Noela kanikumbatia akasema nimekonda. Haji kanipisha kiti karibu na dirisha. Njoroge amevaa jezi. Walikuwa wamekwisha furahi kabla sijakaa. Kurasa zangu zilikuwa mfukoni mwa shati, nilizihisi kila nilipoinama kumega bugali.

Njoroge akasema, haya Fundi, tupe hukumu. Wote wakanitazama. Nikaona Jumapili zile za Machi. Nikaona tambi. Mdomo ukasema wenyewe: Mpira ina redio bora kuliko zote nilizowahi kufungua. Ambayo ni kweli. Njoroge akapiga meza. Nikaendelea. Nikasema kioo, nikasema risasi, nikasema vifungo. Yote kweli, na yote pamoja uongo.

Mama Noela peke yake aliuliza. “Papa Idi, na ile ingine, ya magari, iko mubaya?”

Nikajibu si mbaya, ila Mpira ina nguvu zaidi. Akatikisa kichwa. “Ukisema weye, basi. Miye sijui hizo mambo.”

Ameweka pesa za mabati ya nyumba yake Bukavu. Alisema hivyo akiosha mikono, kama jambo dogo. Angeweza kusubiri mvua moja zaidi, akasema.

Tulicheka hadi saa kumi. Nilikuwa na raha. Hilo ndilo baya kuliko yote, nilikuwa na raha.

Jumanne, 4 Aprili

Nimempigia mpwa wangu Shabani, Houston. Nimemwambia aninunulie hisa za Magari. Akiba yangu yote.

Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Mchango wangu kwenye Mpira ni mdogo, wa kuonekana. Akiba nimeipeleka ninakokuamini. Jumapili nilikuwa mwongo, leo nimekuwa mwongo mwenye akili.

Shabani kauliza kwa nini Magari na si ile nyingine inayosifiwa. Nikamweleza kwa dakika kumi, vizuri kabisa, hatua kwa hatua. Akasema mjomba wewe ungekuwa mwalimu.

Ijumaa, 5 Mei

Hisa zote mbili zimetulia. Maonyesho ya biashara yamekwisha, hoteli zimeshusha bei, wateja wamerudi makwao. Nina kazi chache.

Jumapili nne nzuri mfululizo. Haji anatufundisha kupika urojo, hakuna limau la sawasawa huku lakini anajitahidi. Njoroge amenirudishia kazi ya kukagua viatu vyake. Alifika mpaka kusema nilikuwa sahihi siku ile, mteja mwingine wa yule laoban alirudishiwa mzigo mzima. Nilipaswa kufurahi. Nikarudi kwenye urojo.

Kila asubuhi napita mkahawa wa intaneti. Soko la Amerika linafungwa sisi tukiwa usingizini. Naangalia Mpira kwanza. Halafu Magari, haraka haraka, kama kuna mtu nyuma yangu.

Jumapili, 11 Juni

Kombe la Dunia limeanza. Mpira imepanda wiki nzima. Njoroge kanunua televisheni kubwa kwa ajili ya nyumba ya Mama Noela, kaibeba mwenyewe mpaka ghorofa ya tisa kwa sababu lifti imeharibika. Alifika hawezi kusema.

Nimeomba Mpira ipande. Naapa nimeomba, kwenye swala, nikaitaja kwa jina. Ikipanda, uongo wangu hautakuwa umemuumiza mtu. Utakuwa kosa la hesabu tu, tena kosa la upande mzuri. Magari iteremke hata ife, sijali.

Njoroge alininyanyua juu goli la pili lilipoingia. Sikumbuki nani alifunga.

Alhamisi, 6 Julai

Mpira wametoa hesabu zao za miezi mitatu. Wateja wameongezeka, na hasara imeongezeka zaidi ya wateja. Wameandika sababu wazi: gharama ya kumpata kila mteja mpya. Maneno yangu yaleyale ya Machi, kwa Kizungu kizuri. Hisa imeporomoka theluthi kwa siku moja.

Magari wamepata mkataba na mtengenezaji mwingine. Imepanda.

Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka mhudumu akaja kuuliza kama naongeza saa. Nilikuwa sahihi. Sijawahi kuwa sahihi kiasi hiki maishani, na sina wa kumwambia.

Jumapili, 9 Julai

Njoroge anasema ni upepo tu. Haji alikuwa amechapisha grafu kwenye karatasi za chuo. Akanigeukia.

“Mzee Idi, tuuze au tustahamili?”

Hapa ningeweza kujiokoa. Neno moja, uzeni. Wangepoteza kiasi, wangebaki na kiasi. Lakini nikisema uzeni, Haji ataniuliza kwa nini. Kijana anajua kuuliza. Angenivuta uzi mpaka afike Aprili.

Nikasema tustahamili.

Safari ya kwanza nilidanganya kwa kutaka kupendwa. Leo nimedanganya kwa woga. Woga unanuka zaidi.

Ijumaa, 4 Agosti

Tufani. Mabango yameng'oka, maji mpaka magotini mtaa wa Kangle, wenye vyerehani wamepandisha vitambaa juu ya meza wanashona wamesimama. Nilikwenda kukagua sketi, nikarudi bila kukagua.

Mpira imeshuka tena. Sasa imebaki nusu ya tulivyonunua. Jamaa wa mtandaoni waliokuwa wanaisifu wanasema walijua tangu mwanzo. Natamani nimpate mmoja nimpige kofi. Au anipige mimi.

Jumapili, 6 Agosti

Wamepiga kura, wameuza. Nilinyoosha mkono pamoja nao.

Mabati ya Mama Noela yamebaki nusu. Alinipakulia mkia wa samaki. Anajua naupenda.

Jumanne, 15 Agosti

Jumapili sikwenda. Nilisema naumwa. Leo saa nane mlango umegongwa, ni Mama Noela. Ghorofa saba kapanda na sufuria kaifunga kwa kitambaa. Hajawahi kuja kwangu. Nilikuwa na vesti. Kitanda hakijatandikwa. Alikaa kwenye kiti pekee nilicho nacho, mimi nikakaa kitandani.

Alikuja kunipa pole.

Kasikia kwa Haji kwamba najilaumu. Akaniambia nisijiue roho. “Pole, papa. Siye wote tulianguka pamoja. Hata weye franga yako ilienda.” Akasema pesa inatafutwa, mtu hatafutwi. Akafunua sufuria. Akanitazama mpaka nikala.

Nikala. Nilimaliza. Nilisema asante.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma janga nikawaachia wa kwetu wale peke yao, kisha nikaletewa chakula juu.

Jumatano, 16 Agosti

Sikwenda kazini. Sikwenda popote.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimemwambia Shabani auze Magari yote. Faida ipo. Imegeuka namba kwenye simu, kasoma kwa furaha, nikamkatiza.

Nikimpa Mama Noela pesa kimyakimya atauliza zimetoka wapi. Nikisema za kazi, ni uongo wa tatu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika miezi minne na nusu na miguu inaniuma.

Jumapili nitasema.

Jumapili, 20 Agosti

Nimesema. Kabla ya chakula, ili wasinipakulie kwanza.

Nilitoa zile kurasa mbili za Machi. Karatasi imechoka kwa kukunjwa. Nikampa Haji asome kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho, mpaka neno Magari, halafu akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine. Hakuna. Nikasema na ya Houston. Nikasema na ya Julai. Nikasema faida iko tayari, tuigawe sawa kwa wanne, leo hii.

Njoroge alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha. Halafu akasimama.

“Ulijua. Wee Fundi, ulijua! Ukaona shimo, ukanyamaza, tukaingia wote tukiimba.” Nikamwambia niliogopa kumuudhi, baada ya vile viatu. Akasema viatu? Viatu alivisahau wiki ileile. Alikuwa anangoja mimi nije, akadhani mimi ndiye nimekasirika. “Hata hiyo pesa yako sitaki. Kaa nayo.”

Haji hakuniangalia. Alikuwa anasoma tena ukurasa wa kwanza, hesabu za vifaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni hesabu nzuri. Afadhali angenitukana.

Mama Noela alikuwa amesimama na mwiko. Aliuliza jambo moja tu. “Juu ya nini haukusema? Tungekusikia.” Ni kweli wangenisikia. Nilikuwa na woga wa watu wanaonisikiliza.

Nikamsukumia bahasha niliyotia pesa za mabati yake. Akairudisha kwa mgongo wa mkono, polepole, bila hasira. Akasema hakuniomba pesa. Halafu akasema lile ambalo sitalisahau.

“Papa Idi, miye hisa sijui. Kitambaa ndiyo najua, na kila mara nilikuwa nakuamini weye. Sasa ukiniambia kitambaa iko muzuri, itaomba niende kuona miye mwenyewe.”

Hakusema kunikomoa. Alisema kama anavyosema bei. Kisha akapakua sahani nne, na yangu ikiwemo. Tulikula.

Jumatatu, 21 Agosti

Simu haikulia.

Jumamosi, 9 Septemba

Njoroge amepata mkaguzi mwingine, mtu wa Guinea. Nimemuona pale Liuhua anafungua makatoni ya juu tu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikataka kwenda kumwambia Njoroge. Angeniamini kwa lipi?

Kazi zangu nyingine zipo. Wazambia wawili, mama mmoja wa Lusaka, duka la Kinshasa. Hawajui chochote. Wananilipa, nawaandikia unafaa, haufai, wanapakia. Nafungua makatoni mengi kuliko zamani. Wapagazi wananilalamikia.

Jumapili, 8 Oktoba

Mwezi mpevu juzi, mji mzima unakula maandazi yao mazito ya sikukuu. Mwenye nyumba kanipa sanduku. Maandazi manne. Jana nilifuturu kwa moja, nikashindwa la pili.

Haji alinitumia ujumbe Ramadhani ilipoingia. “Ramadhan Karim Mzee Idi.” Nimejibu. Nikaandika na mengine chini yake, nikayafuta.

Naisikia Jumapili inavyokwenda kule. Sasa wanatoka kanisani. Sasa anapika. Sasa Njoroge anabadilisha chaneli. Mimi niko hapa, na pesa za faida ziko benki, hakuna anayezitaka, hata mimi. Nina upweke. Naliandika neno lenyewe kwa sababu nimelizunguka kurasa nyingi. Ule wa Machi haukuwa upweke, ulikuwa kununa tu.

Jumanne, 24 Oktoba

Sikukuu ya Idi. Nimeswali na mamia ya watu. Nimewapa mkono wengi. Nimerudi chumbani kabla ya saa nne.

Jumamosi, 18 Novemba

Baridi kidogo, hewa kavu. Mama wa Lusaka alinituma soko la vitambaa, karibu na Kangle, kuangalia pazia. Nilimaliza saa tano.

Duka la tatu kutoka mwisho nikamuona Mama Noela. Amevua viatu, amevaa miwani, amepiga magoti juu ya boksi lililofunguliwa, anafungua jora mwenyewe sakafuni. Hatua kwa hatua, akipapasa upana mzima. Kazi ile ilikuwa yangu. Laoban amekaa pembeni anakunywa chai, ana sura ya mtu aliyekwisha chelewa chakula. Majora yalikuwa mengi. Angemaliza jioni.

Nilitaka kupita. Akainua kichwa.

“Papa Idi.”

Nikamwamkia. Akauliza afya, nikamuuliza ya watoto. Akatazama jora, akatazama mikono yangu. Halafu akaniokotea ncha moja ya kitambaa akanipa. Yeye akarudi nyuma na ncha ya pili mpaka kitambaa kikanyooka kati yetu, kijani na maua ya njano, kizuri kwa macho.

Nilishika. Yeye alikagua upande wake, mimi nikawa natazama wangu bila kutaka, mazoea tu. Kwenye yadi ya sita au ya saba nikaona mstari wa rangi iliyochuja, mwembamba, karibu na pindo. Nikangoja auone. Haukuwa upande wake.

Nikasema, hapa.

Aliweka ncha yake chini, akazunguka, akaja. Akainama, akavaa vizuri miwani, akaupitisha ukucha juu ya mstari. Akatia alama ya chaki. Akarudi.

Tulikagua majora kumi na manne. Nilisema hapa mara tano. Kila mara aliweka ncha yake chini, akaja kuangalia mwenyewe.